Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini: zinatulizaje maumivu, na kwa nini haziendi pamoja?

Msomapakiti

Wakuu, salaam. Naomba kueleweshwa na wanaozijua dawa kiundani, siyo na wanaokisia.

Chukulia mtu wa miaka 65, goti limechakaa na linauma karibu kila siku. Kila asubuhi anameza losartani na hidroklorothiazidi kwa ajili ya presha, pamoja na aspirini ndogo ya mg 75 ya kulinda moyo. Kabatini ana ibuprofeni, diklofenaki na parasetamoli. Mmoja anamwambia zote ni dawa za maumivu, achukue yoyote. Mwingine anamwambia achanganye mbili zifanye kazi haraka. Wa tatu anasema bora achome sindano, kwa sababu sindano haigusi tumbo.

Nani yuko sahihi? Na hizi dawa zinajuaje mahali panapouma?

---

Mfamasia Zamu

Kati ya hao watatu hakuna aliye sahihi. Nianze na swali la mwisho kwa sababu ndilo linalobeba mengine yote.

Hazijui mahali panapouma. Kidonge kikishayeyuka, dawa inaingia kwenye damu na kufika kila sehemu: gotini, tumboni, kwenye figo, kwenye ukuta wa mishipa. Goti linapata nafuu kwa sababu ndiko kwenye kazi nyingi ya kuzimwa, lakini huko kwingine nako kuna kazi inazimwa, na hiyo ulikuwa unaihitaji.

Kazi yenyewe ni hii. Seli ikiumia, utando wake unaachia asidi ya mafuta iitwayo arakidoniki. Kuna kimeng'enya kinaitwa siklooksijinezi, kwa kifupi COX, ambacho kina kijitundu kama mfereji. Asidi hiyo inaingia kwenye mfereji, inageuzwa, na mwishowe zinapatikana prostaglandini. Prostaglandini hazichomi kama sindano. Zinachofanya ni kunoa neva, hivi kwamba kukunja goti tu, jambo ambalo jana halikusikika, leo linauma. Zinapanua pia mishipa midogo ya damu, ndiyo maana pakivimba panakuwa pekundu na pa moto, na ubongoni ndizo zinazopandisha joto tunaloliita homa.

Ibuprofeni na diklofenaki zinakaa ndani ya mfereji ule na kuuziba. Prostaglandini mpya hazitengenezwi, na zile za zamani hazidumu. Maumivu yanaanza kulegea ndani ya nusu saa hadi saa moja. Uvimbe wa kiungo ni suala jingine: huenda zikapita siku kadhaa, hata wiki mbili au tatu za kumeza kwa ratiba, ndipo uone faida yote.

Kimeng'enya hicho kina aina mbili. COX-1 iko kazini siku zote, inalinda ukuta wa tumbo na inazisaidia chembe sahani za damu kushikana unapojikata. COX-2 huongezeka sana mahali penye jeraha au uvimbe, ingawa figo na mishipa ya damu nazo zinaitumia kila siku. Dawa nyingi za kundi hili zinaziba zote mbili kwa viwango tofauti.

Aspirini imeuzwa tangu 1899, na ni mwaka 1971 tu ndipo John Vane alipoonyesha kwamba inazuia utengenezaji wa prostaglandini. Mwaka 1982 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Miaka zaidi ya 70 watu wanaimeza bila kujua inafanya nini! Na aspirini ina tabia yake ya peke yake: haikai tu ndani ya mfereji ikaondoka, inabandika kipande chake pale moja kwa moja. Chembe sahani haina kiini cha seli cha kuagiza kimeng'enya kipya, basi iliyoguswa na aspirini inabaki hivyo maisha yake yote, siku 7 hadi 10. Ndiyo sababu mg 75 kwa siku zinatosha kulinda moyo.

Parasetamoli si ya ukoo huu. Inashusha homa na kupunguza maumivu, ila uvimbe haiushughulikii kwa maana yoyote ya kutegemewa, na tumbo wala figo haiziandami kwa namna hii. Hatari yake iko kwenye ini ukizidisha.

---

Kipimo

Nyongeza ya vipimo kwa mtu mzima, maana hapo ndipo watu wanapoharibu.

Ibuprofeni ni mg 200 hadi 400 kila baada ya saa 6 hadi 8. Ukijitibu mwenyewe, mwisho ni mg 1200 kwa saa 24, yaani vidonge vitatu vya mg 400. Daktari anaweza kupandisha zaidi ya hapo kwa ugonjwa wa viungo, lakini kwa maumivu ya kawaida kumeza mg 800 kwa mkupuo hakukupi nafuu mara mbili. Kwenye mg 400 utulizaji umeshakaribia dari. Kinachoendelea kupanda ni madhara.

Diklofenaki ni mg 50 mara mbili au tatu, usizidi mg 150 kwa siku. Naproksini, ya ukoo huo huo kama zilivyo meloksikamu na piroksikamu, ni mg 250 hadi 500 mara mbili kwa siku. Mbona hii ni mara mbili na ibuprofeni ni mara tatu? Kwa sababu ibuprofeni nusu yake inaondoka kwenye damu ndani ya saa mbili hivi, wakati naproksini inachukua saa 12 na kuendelea. Meloksikamu, mg 7.5 hadi 15, inamezwa mara moja tu kwa sababu hiyo hiyo. Piroksikamu ndiyo inayong'ang'ania zaidi, yapata saa 50 kufika nusu, na tumbo linaijua vizuri. Isiwe chaguo la kwanza la mtu yeyote mwenye umri huo uliotaja.

Kuhusu kuchanganya mbili: ibuprofeni na diklofenaki zinagombea mfereji mmoja. Ukishazibwa umezibwa. Ya pili haikuongezei nafuu ya maana, ila inaongeza uwezekano wa kutoka damu tumboni. Mchanganyiko wenye mantiki ni ibuprofeni na parasetamoli, kwa kuwa zinapita njia tofauti.

Wengi hawachanganyi kwa kukusudia, wanachanganya bila kujua. Kuna vidonge vya mafua ambavyo ndani yake mna ibuprofeni, na kuna vidonge vya "mgongo na viungo" vyenye diklofenaki mg 50 na parasetamoli mg 500 humo humo. Fanya hesabu: mtu anameza hivyo vya pili mara tatu kwa siku, halafu kwa kuwa bado anasikia maumivu anaongeza parasetamoli ya kawaida, vidonge viwili vya mg 500 mara nne. Hiyo ni mg 1500 na mg 4000, jumla mg 5500 za parasetamoli. Kikomo cha mtu mzima ni mg 4000. Ini linaumia wakati yeye anaamini amefuata maelekezo ya pakiti zote mbili, na kweli amefuata. Jina kubwa la mbele ni la biashara. Geuza pakiti, tafuta maandishi madogo yanayosema kila kidonge kina nini, ndipo ujumlishe.

---

Msomapakiti

Nimekusoma mkuu, hiyo hesabu imenifungua macho. Sasa sindano je? Na ile ya "kula kwanza ndipo umeze" ina ukweli kiasi gani?

---

Mfamasia Zamu

Ukuta wa tumbo unaishi na asidi kali kwa sababu ya vitu vitatu: ute mzito unaoufunika, bikaboneti inayopunguza ukali chini ya ute huo, na damu ya kutosha inayopita nyuma yake kukarabati. Vyote vitatu vinategemea prostaglandini. Ukimeza, ukichoma sindano au ukiweka kidonge cha njia ya haja kubwa, dawa inafika kwenye ukuta huo kwa kupitia damu, kutokea nyuma. Sindano inaruka mlango wa mbele tu. Na diklofenaki ya sindano, mg 75 ndani kabisa ya msuli wa tako, haikusudiwi kuzidi siku mbili; baada ya hapo mtu anahamia kidonge kama bado anahitaji. Kuchomwa kila wiki kwa sababu ya goti ni matumizi mabaya, hata kama kunaleta raha jioni ile.

Chakula kinapunguza kichefuchefu na kuwashwa kwa tumbo, basi. Hakizuii kidonda. Ganda la kidonge linaloyeyukia kwenye utumbo nalo ni hivyo hivyo.

Anayehitaji kinga ya kweli apewe omeprazoli mg 20 mara moja kwa siku, yapata nusu saa kabla ya kula, kwa siku zote anazotumia dawa ya maumivu. Hao ni waliovuka miaka 65, waliowahi kuwa na kidonda cha tumbo, na wanaotumia aspirini, warfarini (ya kuzuia damu kuganda), prednisoloni (steroidi) au dawa za sonona za kundi la fluoksetini. Aliyewahi kutoka damu tumboni, kwangu mimi swali si omeprazoli kiasi gani, ni kwa nini anapewa dawa hii tena. Na mwenye historia ya kidonda apimwe bakteria wa *Helicobacter pylori* na atibiwe kabla ya kuanza matumizi ya muda mrefu, kwa kuwa bakteria na dawa wakikutana wanasaidiana kuharibu.

Msisubiri tumbo liume ndipo mshtuke. Dawa ya maumivu inaweza kuyafunika maumivu ya kidonda chake yenyewe. Angalia choo: cheusi, kinachonata kama lami, chenye harufu kali isiyo ya kawaida, hiyo ni damu iliyokwisha kusagwa njiani. (Vidonge vya madini ya chuma navyo hutia choo weusi, lakini hakinati namna hiyo.) Matapishi yenye chembechembe kama machicha ya kahawa nayo ni damu. Hapo unaacha dawa na kwenda hospitali saa ile ile.

---

Kipimo

Hapo kwenye chakula nikukosoe kidogo, siyo kwa kosa bali kwa ulichoruka. Chakula kinachelewesha dawa. Mtu mwenye tumbo lisilo na tatizo na kichwa kinachomgonga, akimeza ibuprofeni mg 400 moja na maji ya kutosha bila kusubiri mlo, anapata nafuu mapema zaidi. "Kula kwanza" lina maana kwa anayemeza siku nyingi mfululizo au anayesikia kichefuchefu. Kwa dozi moja si dhambi kukosa chakula. Kilicho muhimu ni maji: glasi nzima, na usilale hapo hapo. Kidonge kilichokwama kwenye umio kinaweza kutoboa kidonda pale kilipokwama, na huyo mtu ataeleza maumivu ya kifua utadhani moyo.

---

Mfamasia Zamu

Sawa, nimekubali.

---

Figo Mbili

Nimeona watu wanashughulika na tumbo na kulisahau jambo zito kwenye swali: losartani na hidroklorothiazidi. Tuanzie hapo.

Chujio la figo lina mshipa mdogo wa kuingiza damu na mwingine wa kuitoa. Mkojo unapatikana kwa shinikizo lililo katikati yao. Ukitaka shinikizo libaki hata damu ikipungua, unapanua mshipa wa kuingiza na kubana wa kutoa. Ndivyo mwili unavyofanya: prostaglandini zinapanua wa kuingiza, na homoni iitwayo anjiotensini inabana wa kutoa.

Sasa mwekee mgonjwa wetu dawa zake. Hidroklorothiazidi inamkojosha, kwa hiyo maji mwilini yamepungua. Losartani inaizuia anjiotensini, mshipa wa kutoa umelegea. Mpaka hapo figo bado inajimudu kwa kuegemea upande mmoja uliobaki, yaani prostaglandini. Ukiongeza diklofenaki umekiondoa kiegemeo hicho. Shinikizo kwenye chujio linaporomoka na kreatinini, taka ya damu inayopimwa kuona figo zinachuja vipi, inapanda. Akipata siku moja ya kuhara au kutapika juu ya hayo, au akafanya kazi juani bila kunywa maji, figo zinaweza kusimama kabisa. Hali ni ile ile kwa enalaprili badala ya losartani, au furosemidi badala ya hidroklorothiazidi.

Kwa mwenye mchanganyiko huo, dawa hizi za kumeza aziepuke. Ikibidi kabisa, daktari wake ajue, dozi iwe ndogo ya siku chache, na kreatinini na potasiamu zipimwe kabla ya kuanza na tena wiki moja au mbili baadaye kama anaendelea. Siku ya kuhara au kutapika anaacha dawa ya maumivu bila kuuliza mtu, kisha anamuuliza daktari kuhusu zile za presha. Ambaye kiwango cha uchujaji wa figo zake (eGFR kwenye karatasi ya maabara) kiko chini ya 30 hazimfai.

Kuna jingine la polepole zaidi. Figo iliyobanwa inashikilia chumvi na maji. Presha inapanda, miguu inavimba, na dawa za presha zinaonekana kama zimeacha kufanya kazi. Mara nyingi mgonjwa anaongezewa dawa ya tatu ya presha wakati chanzo ni kidonge cha goti ambacho hakukitaja kwa kuwa "siyo dawa ya ugonjwa". Mtajieni daktari kila mnachomeza. Mwenye moyo ulioshindwa kazi anaweza kujaa maji kwa siku chache tu. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu si unene huo.

---

Mfamasia Zamu

Na aspirini yake. Mnakumbuka ule mfereji? Aspirini nayo inapitia humo humo ili ibandike kipande chake. Ibuprofeni ikitangulia, aspirini inakuta mlango umefungwa. Aspirini yenyewe inavunjwa kwenye damu haraka, nusu yake inaisha ndani ya dakika 20 au chini. Ibuprofeni inapokuja kuachia mlango saa kadhaa baadaye, aspirini haipo tena, na chembe sahani zimebaki huru kuganda. Mtu anaona ameimeza kila siku, kumbe moyo hauna mlinzi.

Kwa aspirini ya kawaida isiyo na ganda, utaratibu ni kuimeza kwanza, kisha kusubiri angalau dakika 30 kabla ya ibuprofeni, au ibuprofeni itangulie kwa zaidi ya saa 8. Mfano: aspirini saa 1 asubuhi, ibuprofeni saa 2 asubuhi, nyingine saa 8 mchana, ya mwisho saa 2 usiku. Hadi aspirini ya kesho saa 1 asubuhi zimepita saa 11. Aspirini yenye ganda inafyonzwa kwa kuchelewa na bila saa maalumu, kwa hiyo usiitegemee hesabu hii. Ibuprofeni ya siku moja moja haitaharibu sana. Tatizo ni ya kila siku.

Diklofenaki haimfai kwa sababu nyingine. Mishipa inatengeneza prostasaiklini, ambayo inazuia damu kuganda, kwa kutumia COX-2. Chembe sahani zinatengeneza thromboksani, ambayo inagandisha, kwa kutumia COX-1. Dawa inayoegemea COX-2 inaondoa breki na kuacha kiongeza mwendo. Rofekoksibu, dawa ya maumivu iliyolenga COX-2, iliondolewa sokoni mwaka 2004 kwa sababu ya mishtuko ya moyo na kiharusi, na diklofenaki nayo, ingawa ni ya zamani, inaegemea upande huo. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi asiiguse.

Basi kwa goti, jibu langu ni jeli ya diklofenaki ya asilimia 1. Goti liko karibu na ngozi, dawa inafika. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kama asilimia 6 tu ya kile cha kidonge. Kwa goti zima ni gramu 4 mara nne kwa siku, na hapo watu wanakosea sana: wanapaka kitone cha ukubwa wa punje ya mahindi halafu wanasema haifanyi kazi. Pima kwa kadi ya plastiki inayokuja na tyubu kama ipo. Paka mbele na pembeni zote mbili, usifunge na nailoni wala kuweka kitu cha moto juu, usipake penye kidonda, nawa mikono. Ipe wiki mbili hadi tatu kabla ya kuhukumu. Kwa nyonga haifai, kiungo kiko mbali mno ndani.

---

Mama Zahanati

Ya watoto na wajawazito sijaona mtu ameyagusa.

Mtoto anapimiwa kwa kilo, siyo kwa umri wa kukisia. Ibuprofeni ni mg 5 hadi 10 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6 hadi 8, isizidi mara tatu kwa siku ukiwa nyumbani. Mtoto wa kilo 12 kwa mg 10 ni mg 120. Dawa ya maji yenye mg 100 kwa ml 5 inakuwa ml 6. Lakini kuna chupa zenye mg 200 kwa ml 5, na ml 6 zile zile kwenye chupa hiyo ni dozi mara mbili. Soma chupa kila unaponunua mpya, na pima kwa bomba la dawa lenye alama, kijiko cha nyumbani kila kimoja kina ujazo wake. Chini ya miezi mitatu au kilo 5 usimpe. Anayehara au kutapika usimpe, kwa sababu ile ile ya Figo Mbili. Mwenye tetekuwanga apewe parasetamoli. Aspirini kwa homa ya aliye chini ya miaka 16 hapana kabisa: kuna ugonjwa wa Reye, unaovimbisha ubongo na kuharibu ini.

Mkubwa au mdogo, homa inayoweza kuwa ya dengi inatulizwa kwa parasetamoli peke yake. Dengi inashusha chembe sahani. Ukizidhoofisha hizo chache zilizobaki unafungulia damu.

Mjamzito: kuanzia wiki ya 20 figo za mtoto zinaweza kupunguza mkojo na maji ya uzazi yakapungua, kuanzia wiki ya 30 mshipa karibu na moyo wa mtoto unaweza kujifunga kabla ya wakati. Atumie parasetamoli, na aspirini ndogo iliyoandikwa kliniki asiiache kwa kuogopa maneno haya, hiyo ni habari tofauti. Anayenyonyesha anaruhusiwa ibuprofeni.

Mwenye pumu, hasa mwenye nyama za puani, akibanwa kifua baada ya aspirini ajue na ibuprofeni na diklofenaki zitamfanyia vivyo hivyo.

---

Msomapakiti

Shukrani sana wote. La mwisho: diklofenaki ya mg 100 inayotoa dawa polepole, mtu akiikata katikati apate mg 50 mbili, kuna ubaya?

---

Kipimo

Upo. Kidonge hicho kimetengenezwa kiachie dawa kidogo kidogo kutwa nzima. Ukikikata au kukisaga, umevunja kinachoizuia, na dawa inaweza kumwagika yote kwa pamoja. Isipokuwa kijikaratasi cha ndani kinasema wazi kwamba kinagawanyika, kimeze kizima. Anayetaka mg 50 anunue cha mg 50.

Na kwa mtu wako wa goti, hata hicho cha mg 50 kibaki dukani. Jeli.